Jina Kwenye Kasha si Dhamana: Tununueje Vyombo vya Sauti vya Bei Nafuu?

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa mara kwa mara na kwaya, vikundi vya vijana na vyama vya akina mama ni hili: "Tumechanga pesa zetu, tunataka spika, amplifaya na maikrofoni. Tununue za kampuni gani?" Wengine hutuuliza pesa zikiwa bado mkononi. Wengine, kwa bahati mbaya, huuliza wakiwa wamekwisha kununua, na chombo kimekwisha kunyamaza.

Katika makala haya hatutasema nunueni hii, acheni ile. Tutaeleza sifa ya kampuni hutoka wapi, huharibika vipi, na ni mambo gani mtu wa kawaida anaweza kuchunguza kabla ya kutoa shilingi yake. Hata kama hujui lolote kuhusu stima, usiogope. Mengi ni ya macho, mikono na akili tu.

KISA CHA KWAYA MOJA

Tuanze na jambo tulilolishuhudia sisi wenyewe. Kwaya moja ya hapa jirani ilichanga kwa miezi kumi na minne. Walilima mashamba ya watu kwa kibarua, wakauza mahindi ya kuchoma, wakaimba kwenye arusi tatu. Wakapata shilingi 46,000. Wakamtuma mwenyekiti wao, kijana mmoja mwaminifu, aende Nairobi peke yake. Alirudi jioni na amplifaya iliyoandikwa "wati 5,000", spika mbili kubwa, na maikrofoni mbili zenye jina la kampuni mashuhuri. Vigelegele vilipigwa hadi usiku.

Jumapili ya nne ilikuwa siku ya harambee ya paa la shule ya chekechea. Katikati ya wimbo wa pili spika moja ilikwaruza, ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikanyamaza. Baada ya dakika chache amplifaya nayo ikafa. Mgeni wa heshima alihutubia kwa koo lake tu. Watu wa nyuma hawakusikia neno, wakaanza kuondoka mmoja mmoja kabla kikapu hakijapita.

Lakini hasara kubwa haikuwa ile ya vyombo. Maneno yalianza kisimani na sokoni: "Alinunua takataka, pesa zilizobaki akala." Kijana hakuwa na risiti ila kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, bila jina la duka. Akaacha kuimba. Mama yake akaacha kwenda kwenye chama.

Ilipita miezi mitano ndipo fundi mmoja akavifungua vile vyombo mbele ya kamati nzima. Ndani ya amplifaya alionyesha transfoma ndogo kama ngumi ya mtoto, ambayo haiwezi kutoa hata sehemu ya kumi ya wati zilizoandikwa. Maikrofoni zilikuwa feki. Halafu akauliza, "Siku ile mlifunga spika ngapi?" Wakajibu nne, kwa maana waliazima mbili zaidi. Fundi akatikisa kichwa. Amplifaya ile ilikuwa ya kubeba mbili.

Basi ikajulikana kwamba kijana hakula hata ndururu. Makosa yalikuwa matatu: jina la bandia, namba ya uongo, na mkono wa watumiaji wenyewe. Hebu tuyaangalie moja moja.

JINA HUTOKA WAPI?

Watu wengi hufikiri kwamba jina kubwa huzaliwa likiwa kubwa. Sivyo. Mwaka wa 1887, katika mji wa Hamamatsu nchini Japani, fundi mmoja aitwaye Torakusu Yamaha aliitwa kwenye shule ya msingi kutengeneza kinanda cha upepo kilichotoka ng'ambo. Alikifungua, akakitengeneza, na katika kukitengeneza akaelewa kilivyoundwa. Kisha akaanza kuunda vyake. Ndiyo mwanzo wa Yamaha ambayo leo jina lake liko kwenye vinanda, miksa na spika duniani kote. Jina lile lilianza na mtu aliyejua kutengeneza kilichoharibika. Tulikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Sasa tazama kampuni nyingine, ambayo jina lake limebishaniwa kuliko karibu yote katika vyombo vya bei nafuu. Uli Behringer alianzisha kampuni ya Behringer nchini Ujerumani mwaka wa 1989. Nia yake ilikuwa kuuza kwa bei ambayo mwanamuziki wa kawaida anaweza kulipa, na baadaye kazi ya kiwandani ikahamishiwa China. Waliosifu walisifu bei. Waliolaumu walisema mawili: kwamba vyombo hivyo vinafanana mno na vya wenzao, na kwamba havidumu. Mwaka wa 1997 kampuni ya Mackie ya Marekani iliishtaki kwa ajili ya miksa. Mwaka wa 2005 Roland ya Japani ikaishtaki kwa ajili ya sura ya pedali za gitaa, na kesi hiyo ikaisha kwa mapatano.

Ungedhani jina limekwisha. La hasha. Mwaka wa 2009 wenye Behringer walinunua Midas na Klark Teknik, majina ya Uingereza yenye heshima kubwa kwa mafundi wa sauti. Mwaka wa 2012 wakatoa X32, miksa ya dijitali ya chaneli 32, ambayo imeingia katika makanisa na kumbi nyingi za dunia. Hata hivyo, mpaka leo utakutana na mtu asiyetaka kuligusa jina hilo kwa sababu ya miksa iliyomfia zamani, na mwingine anayeapa kwamba yake imefanya kazi miaka kumi na mitano.

Huenda wote wawili wanasema kweli. Sifa hutembea polepole kuliko viwanda. Ubaya wa chombo cha mwaka wa 1997 hautuambii mengi juu ya chombo cha leo, wala uzuri wa zamani hautuambii. Tena kampuni moja hutengeneza vyombo vya ngazi nyingi. Cha bei ya chini kabisa na cha bei ya juu kabisa huvaa jina moja, lakini ndani si ndugu.

JINA HUUZWA, HUKODISHWA, HUIBWA

Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika. Wazee wetu walikuwa na redio za Philips na za National zilizodumu miaka ishirini, wakatuachia imani katika majina hayo. Lakini majina nayo huhama. National lilikuwa jina la kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo mwaka wa 2008 iliacha jina lake la zamani na kuitwa Panasonic. Philips, ya Uholanzi, iliacha kuunda vyombo vyake vya sauti. Tangu mwaka wa 2018 vyombo vya sauti vyenye jina hilo hushughulikiwa na kampuni iitwayo TPV, kwa ruhusa ya kutumia jina. Akai ya Japani, iliyojulikana sana kwa rekoda zake za tepu, ilishindwa kulipa madeni mwaka wa 2000, na jina likaendelea mikononi mwa kampuni tofauti.

Hatusemi vyombo hivyo vya leo ni vibaya. Tunasema tu kwamba jina la babu si lazima liwe kazi ya babu.

Halafu kuna majina yanayoibwa kabisa. Maikrofoni aina ya SM58 ya kampuni ya Shure ya Marekani ilitoka mwaka wa 1966, na kwa sababu inapendwa sana ndiyo inayoigizwa sana. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300 bila waya, na huko Marekani huuzwa dola 100 hivi, yaani zaidi ya shilingi elfu kumi kabla ya gharama za kuileta. Basi ukiambiwa "chukua kwa elfu moja mia tano, orijino kabisa", jiulize muuzaji anapata wapi faida. Spika ndogo za bluetooth zenye jina la JBL nazo huigizwa vivyo hivyo. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

UONGO WA WATI

Tuje kwenye kosa la pili. Kasha limeandikwa "wati 5,000 PMPO" au "wati 10,000". Herufi hizo PMPO maana yake ni kilele cha kupita cha nguvu, kinachopigiwa hesabu ya kupendeza macho, na hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na wote. Mnunuzi anapaswa kutafuta herufi RMS, ambazo zinaonyesha nguvu ambayo chombo kinaweza kutoa mfululizo.

Kama hujui kusoma herufi hizo, kuna njia mbili za kumshika mwongo.

Ya kwanza, geuza chombo nyuma, usome kibandiko kinachosema kinakula wati ngapi za stima. Amplifaya haiwezi kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayokula, kama vile mtungi wa lita ishirini hauwezi kumwaga lita mia. Ikiwa mbele kumeandikwa wati 5,000 na nyuma kumeandikwa wati 80, amini nyuma.

Ya pili ni hesabu ya soketi. Stima yetu ni volti 240, na soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa ampea 13. Zidisha, utapata wati 3,120. Hiyo ndiyo nguvu yote ya soketi moja. Chombo cha "wati 10,000" kinachochomekwa kwenye soketi hiyo kinazipata wapi?

Tena msizifukuze wati bila sababu. Sikio halihesabu kama dukani. Ukiongeza wati kutoka 50 hadi 100, sauti huongezeka kidogo tu. Ili isikike kama imekuwa maradufu, inahitajika nguvu ya kadiri ya mara kumi. Spika yenye uwezo mzuri wa kugeuza nguvu kuwa sauti itasikika mbali kwa amplifaya ndogo, na pesa yako itakuwa imekaa mahali pake.

BEI HUPUNGUZWA WAPI?

Rahisi si lazima iwe mbovu. Mwaka wa 1981 kampuni ya Casio ilitoa kinanda kidogo cha bei nafuu kiitwacho MT-40. Mdundo mmoja uliokuwa umewekwa ndani yake tayari ulichukuliwa na vijana wa Jamaika, na mwaka wa 1985 ukageuza muziki wa reggae wa kisiwa kile. Chombo kidogo mikononi mwa wanaojua kukitumia kilifanya kazi ambayo vikubwa havikufanya.

Lakini bei ikipunguzwa, kuna kitu kimepunguzwa ndani. Mara nyingi ni hivi: transfoma huwa nyepesi, bati la kupozea joto huwa dogo, sumaku ya spika huwa ndogo, sanduku huwa la chipbodi ambayo ikipata unyevu huvimba. Matundu ya kuchomekea waya hushikwa na risasi tu juu ya bodi ya ndani bila nati ya kuyakaza, kwa hiyo waya ukivutwa mara chache yanalegea. Ndiyo maana fundi wa zamani akitaka kununua amplifaya, kwanza huiinua. Uzito si ushahidi wa yote, kwa maana siku hizi kuna amplifaya nyepesi za aina mpya ambazo ni nzuri. Lakini amplifaya ya mtindo wa zamani inayojigamba wati nyingi na mtoto anaibeba kwa mkono mmoja, hiyo inajisema yenyewe.

Kwa hiyo, kama pesa ni chache, punguzeni mahali panapovumilia. Miksa ndogo ya chaneli chache haibebi nguvu kubwa. Maikrofoni ya kawaida isiyo na betri ina sehemu chache za kuharibika. Msipunguze kwenye amplifaya, spika, waya na plagi, kwa maana huko ndiko nguvu na joto hupita.

Fikirieni pia mahali mlipo. Utaona katika makanisa, misikiti na shule nyingi jina la Ahuja, kampuni ya India iliyoanza mwaka wa 1940. Amplifaya zake nyingi zina sehemu ya kufunga betri ya gari ya volti 12. Kwa kikundi kinachokutana chini ya mti, sehemu hiyo ina maana kuliko taa za rangi kumi.

CHOMBO CHEMA HUUAWA NA MKONO

Kosa la tatu ni letu wenyewe. Kampuni nyingi zimetukanwa kwa makosa ya watumiaji.

Spika nyuma yake huandikwa omu, mara nyingi 8. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwenye tundu moja huwa omu 4. Nne huwa omu 2. Kama amplifaya imeandikwa mwisho wake ni omu 4, ukiiwekea nne inabebeshwa mzigo wa punda wawili, na itaungua. Ndivyo ilivyokuwa kwa kwaya yetu.

Sauti ikianza kukwaruza, punguza mara moja. Mkwaruzo ni kilio cha amplifaya iliyofikia mwisho wake, na joto lake huua kwanza spika ndogo ya sauti nyembamba. Kinyume na wengi wanavyodhani, amplifaya ndogo inayolazimishwa huua spika upesi kuliko kubwa inayotumiwa kwa kiasi.

Wakati wa kuwasha, anza na miksa, amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya iwe ya kwanza. Stima ikipotea, chomoa plagi kwenye ukuta, kwa maana ikirudi huja kwa kishindo. Ukitumia jenereta, iwashe, ingoje itulie, ndipo uchomeke, wala usiache ikauke mafuta huku vyombo vinafanya kazi. Vyombo vya mtumba kutoka Marekani huwa vya volti 120, na vya Japani volti 100. Ukivichomeka kwenye 240 yetu bila transfoma ya kupunguza, hufa siku hiyo hiyo.

Na hili la mwisho ni la uhai. Fiuzi ikiungua, usiweke kipande cha waya mahali pake. Wala usiondoe waya wa ardhini ndani ya plagi ili kuzima mvumo. Mwimbaji anayeshika maikrofoni ya chuma huku chombo hakina njia ya kupeleka stima ardhini anaweza kupigwa na stima akafa.

KABLA YA KUTOA PESA

1. Tumeni watu watatu, si mmoja. Mmoja awe fundi au mtu anayejua sauti. Hii ni kulinda pesa, na pia kumlinda anayetumwa.

2. Kabla ya kwenda dukani, nendeni kwa fundi wa mji wenu. Muulizeni, "Vyombo gani huletewa wewe mara nyingi? Vipi unapata spea zake?" Huyo anajua sifa za majina kuliko tangazo lolote. Chombo ambacho hakuna fundi wa karibu anayeweza kukifungua, hata kiwe cha jina gani, kikiharibika ni sanduku.

3. Chombo kiwashwe dukani kwa nusu saa, kwa sauti ya kutosha, na kila tundu lijaribiwe kwa waya mnaotembea nao. Kikipata moto mkali au mvumo, rudisheni.

4. Tafuteni alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na mlinganishe herufi za jina kwenye kasha, kwenye chombo na kwenye kitabu chake. Feki nyingi hukosea tahajia.

5. Risiti iwe na jina la duka, tarehe, aina ya chombo na namba yake ya kiwandani. Dhamana iandikwe ni ya muda gani na nani atatengeneza. Mkilipa kwa simu, hifadhini ule ujumbe.

6. Wekeni akiba kidogo ya matengenezo, na kitabu cha kuandika nani alichukua chombo, lini, na kilirudi vipi.

Msione haya kudai. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari za kumwezesha kuzitumia vizuri. Kuuza bidhaa ghushi ni kosa kwa Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008. Lakini haki hizi hushikwa kwa karatasi. Bila risiti ni maneno matupu.

MWISHO WA KISA

Mtauliza ile kwaya iliishia wapi. Walianza kuchanga upya. Safari hii walikwenda watatu pamoja na fundi, wakanunua amplifaya ndogo kuliko ile ya kwanza, isiyo na jina kubwa, ambayo fundi alisema anaijua ndani na nje. Spika ni mbili, na hakuna anayeruhusiwa kuongeza ya tatu. Mwenyekiti wa kamati alisimama mbele ya watu akamwomba yule kijana msamaha kwa jina. Kijana alikaa kimya kitambo, kisha akakubali kuwa mtunza vyombo. Kitabu anakiandika yeye.

Sifa ya chombo hujengwa kwa miaka na huharibika kwa mchana mmoja. Ya mtu vilevile. Basi kikundi chenu kikifikia kununua, ulizeni kampuni gani, ndiyo, lakini ulizeni pia: nani atakitengeneza, nani atakitunza, na karatasi iko wapi.